Tope la Paris, Mikoko ya Martinique

Maneno haya niliyasema Dar es Salaam, msimu wa masika, mbele ya wanafunzi wa Kifaransa na wasomaji wengine waliokuja kusikiliza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikapunguza kikohozi na vichekesho ambavyo havikumchekesha mtu.

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mabibi na mabwana, habari za jioni. Vijana wangu wa nyuma, hamjambo.

Mniwie radhi kwa viatu hivi. Nimeteremka kwenye daladala nikakanyaga mahali nilipodhani ni lami, kumbe ni dimbwi. Lakini nilipokuwa nikijifuta mlangoni nikasema, ah, basi, nimepata pa kuanzia. Nimeombwa nizungumze juu ya ikolojia, maumbile na mji katika fasihi ya lugha ya Kifaransa. Mada pana kama bahari. Mtu mwenye busara angeanza na misitu, milima na ndege waimbao. Mimi nitaanza na hiki kilichoganda kwenye soli yangu. Leo nataka tuzungumze juu ya tope.

Mji wa Paris, Warumi waliuita Lutetia. Wapo watu wa zamani waliolihusisha jina hilo na neno la Kilatini lutum, yaani tope. Wanaisimu wa leo hawalikubali sana jambo hilo, kwao jina ni la Kiselti. Sawa, tuwaachie. Lakini mtaa wa Marais, ambao leo kikombe cha kahawa kinakufilisi, jina lake maana yake ni kinamasi, na hapo hakuna ubishi.

Mwaka 1861 Charles Baudelaire alitoa chapa ya pili ya kitabu chake cha mashairi, Les Fleurs du mal. Miongoni mwa mashairi mapya aliyoongeza limo moja la bata maji, yule ndege mweupe mwenye shingo ndefu. Wakati ule Paris ilikuwa inavunjwavunjwa. Haussmann, gavana wa jimbo la Seine kuanzia 1853 hadi 1870, alikuwa anapasua barabara pana katikati ya mitaa ya zamani, na watu waliokaa humo wanasukumwa pembezoni. Mshairi anakatiza uwanja wa Carrousel, karibu na jumba la Louvre. Anakumbuka kwamba hapo zamani palikuwa na kizimba cha wanyama, na asubuhi moja bata maji alitoroka. Kapata uhuru wake, lakini maji hakuna. Anaburuta mabawa juu ya mawe makavu, anafungua mdomo mbele ya mfereji uliokauka, anaoga vumbi.

Wengi wanaofundisha shairi hili wanaishia kwa ndege. Mimi nasonga mbele kidogo, kwa sababu kuelekea mwisho anatokea mwanamke mweusi. Amekonda, ana kifua kikuu, anakanyagakanyaga tope la Paris, na macho yake yanatafuta nyuma ya ukuta wa ukungu minazi ya Afrika ambayo haipo.

Minazi, jamani! Mimi mtoto wa pwani, siku niliyofika mstari ule nilifunga kitabu nikatoka nje. Baudelaire hakuiokota minazi ile kwenye picha za kalenda. Mwaka 1841, akiwa kijana wa miaka 20, familia yake ilimpandisha meli ili aache mambo ya ovyo, na akafika Mauritius na Réunion, katika Bahari ya Hindi hii hii yetu. Miaka 20 baadaye anamweka mwanamke wa Kiafrika ndani ya tope la Ulaya, jirani na ndege asiye na maji, katika mtaa uliobomolewa. Mambo matatu ambayo vyuo leo vinayafundisha katika vyumba vitatu tofauti, yeye kayafunga kitita kimoja. Na neno ikolojia lilikuwa bado halijaundwa. Mjerumani Ernst Haeckel alilitunga mwaka 1866.

Sisi tuna neno mazingira, vitu vinavyokuzingira. Nalipenda kuliko ikolojia, kwa sababu halikuulizi kama kinachokuzingira ni mnazi au ni ukuta wa kiwanda. Ukitamka maumbile, mawazo yanakimbilia Serengeti. Ukitamka mazingira, unaweza kuwa umekaa Tandale. Vitabu ninavyovisema leo ni vitabu vya mazingira kwa maana hiyo.

Sasa tushuke chini zaidi. Victor Hugo, Les Misérables, mwaka 1862. Mnaojua hadithi mnajua kwamba Jean Valjean anambeba kijana Marius, mahututi, kupitia mfereji wa maji machafu chini ya Paris, katika ghasia za Juni 1832. Mnaojua hadithi kupitia sinema pia mnajua hivyo. Lakini sinema haiwaonyeshi kwamba kabla Valjean hajatembea hatua kumi humo ndani, Hugo anaisimamisha riwaya, anavuta kiti, na kuanza kututolea mhadhara mrefu kuhusu kinyesi. Nasema kweli. Mhariri wa leo angeukata wote.

Anasema hivi, kwa maneno yangu: Paris inatupa majini kila mwaka faranga milioni 25. Inatupaje? Kupitia mifereji ya maji machafu. Maana hakuna mbolea duniani inayoshinda uchafu wa mji mkuu, na mji unauchukua utajiri huo kutoka shambani kwa njia ya chakula, kisha unausukumia mtoni, mto unausukumia baharini. Shamba linadhoofika, mto unachafuka, watu wanapata magonjwa. Wakati huohuo, anasema, tunatuma meli kwa gharama kubwa kwenda bahari za kusini kukusanya mavi ya ndege tuyafanye mbolea. Anamtaja mkulima wa Uchina ambaye haendi mjini bila kurudi na ndoo mbili zimejaa, moja kila ncha ya mti wake wa mianzi. Kisha anatoa hesabu yake ya kiungwana: ikiwa dhahabu yetu ni samadi, basi samadi yetu ni dhahabu.

Fikra hizi hakuziotesha peke yake. Alipokuwa uhamishoni kisiwani Jersey alikuwa jirani na Pierre Leroux, msoshalisti aliyeamini kwa moyo wote kwamba binadamu anaweza kujilisha kwa mbolea yake mwenyewe. Watu walimcheka Leroux. Hugo alipoyasema hawakucheka sana, kwa kuwa alikuwa Hugo.

Ndani ya mhadhara ule kuna jambo moja ninalolipenda kupita kiasi. Anamsimulia Bruneseau, mtu wa kweli, aliyeanza kuikagua mifereji ya Paris mwaka 1805, kazi iliyomchukua miaka saba. Katika vitu walivyovikuta chini, kwa mujibu wa Hugo, ilikuwemo mifupa ya orangutangu aliyetoweka kwenye bustani ya wanyama ya Jardin des Plantes mwaka 1800. Fikirini jambo hilo. Mnyama wa misitu ya Borneo au Sumatra anatoroka kizimbani, anazama chini ya barabara za Paris. Na Baudelaire, kwa upande wake, ana bata maji aliyetoroka kizimbani. Paris ya vitabu imejaa viumbe waliotoroka wakakosa pa kwenda.

Mtaniuliza, na hoja ya Hugo iliishia wapi? Hapa ndipo maisha yanapokuwa na ujanja kuliko riwaya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860 Paris kweli ilianza kumwaga maji taka mashambani, kwanza bonde la Gennevilliers, halafu sehemu nyingine kama Achères na Pierrelaye, kaskazini magharibi mwa mji. Mboga zilistawi ajabu. Kabichi na karoti zilizolishwa na vyoo vya Paris zikarudi mezani Paris. Hugo angefurahi. Lakini mji wa karne ya 20 haukuwa tena ule wa ndoo mbili za mianzi. Ndani ya maji yale mlikuwa na viwanda, mlikuwa na risasi na metali nyingine nzito, na zote zilituama kwenye udongo. Karibu na mwaka 2000 kilimo cha mboga kikapigwa marufuku kule Pierrelaye. Sasa wanapanda msitu juu ya ardhi ile, zaidi ya hekta 1,300, na miti iliyokusudiwa ni kama milioni moja. Msitu unapandwa mahali ambapo karoti haziliki. Sijui mwandishi gani wa riwaya angethubutu kubuni jambo hilo.

Émile Zola aliliona duara hilohilo kwa jicho la kibiashara zaidi. Katika Le Ventre de Paris, mwaka 1873, hadithi inaanza usiku: mikokoteni ya mboga inaingia mjini kutoka mashamba ya pembezoni, na mama mmoja wa Nanterre anayeitwa Madame François anamwokota barabarani Florent, aliyetoroka gerezani Cayenne, koloni la Ufaransa huko Amerika ya Kusini, amezimia kwa njaa. Njaa juu ya mkokoteni wa karoti, njiani kuelekea soko la Les Halles, tumbo la nchi nzima! Lakini sehemu ninayowasomea wanafunzi ni nyingine. Siku moja Florent na rafiki yake mchoraji wanapanda mkokoteni ule ule ukiwa unarudi shambani. Umejaa majani ya kabichi, maganda na mabaki yaliyookotwa chini sokoni. Mama anayarudisha kwenye udongo yakawe mbolea. Paris inaozesha kila kitu, ardhi inakipokea bila kuchoka. Waliowahi kuona jinsi soko letu la Kariakoo linavyoamka hawahitaji maelezo juu ya sura ya kwanza. Juu ya sehemu hii ya pili, ya mabaki kurudi shambani, hapo wanahitaji kweli. Les Halles yenyewe haipo tena. Biashara ilihamishiwa Rungis, nje ya mji, mwaka 1969 na yale mabanda ya chuma yakavunjwa.

Jean Giono nitampitia haraka, maana najua wapo walimu humu wanaompenda na sitaki ugomvi. Hadithi yake fupi ya mtu aliyepanda miti, ya mwaka 1953, imesomwa dunia nzima. Mchunga kondoo mmoja wa Provence, kusini mwa Ufaransa, anapanda mbegu za mialoni mia kila siku, nchi kavu inarudi kuwa kijani, maji yanatiririka. Wengi waliamini mzee yule aliishi kweli, hadi Giono mwenyewe akaandika barua mwaka 1957 kusema kwamba alimtunga ili watu wapende miti. Ni nzuri, naikubali. Ila swali langu mimi ni dogo: miti ya mwanzo ilikwenda wapi? Jibu limo kwenye hadithi yenyewe, sentensi chache tu ambazo msomaji wa haraka anaziruka. Vijiji vile vilikuwa vya wachoma mkaa, na wanaume walikuwa wanapeleka mkaa mjini. Mkaa, ndugu zangu. Msichana wangu mmoja wa kidato cha nne aliposoma hapo alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, kumbe ni Chalinze." Nikampa alama zote.

Sasa tuvuke bahari, tufike mahali ninapotaka kukaa.

Patrick Chamoiseau ni mwandishi wa Martinique, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa. Mwaka 1992 riwaya yake Texaco ilipata Goncourt, tuzo kubwa ya fasihi ya Ufaransa. Texaco ni mtaa wa kweli katika mji wa Fort-de-France, mtaa wa vibanda uliojengwa pembeni mwa matangi ya mafuta ya kampuni yenye jina hilo. Watu waliokosa pa kukaa walijishikiza pale, kwenye mikoko na ufukweni, penye harufu ya petroli. Kwa lugha ya Dar, uswahilini.

Riwaya inaanza kwa jiwe. Mpangamiji ametumwa kuutazama mtaa kabla haujasafishwa, na kusafishwa hapa mnaelewa maana yake. Anafika, anatupiwa jiwe, anaanguka. Wakazi hawajui wamfanyeje. Wanampeleka kwa mama mwenye mtaa, mwanzilishi wake, Marie-Sophie Laborieux. Mama hana bunduki, hana wakili. Anammiminia mgeni ramu ya zamani na kuanza kumsimulia. Anasimulia maisha ya baba yake Esternome aliyezaliwa mtumwa, anasimulia ukombozi wa 1848, anasimulia mlima Pelée ulivyolipuka tarehe 8 Mei 1902 na kuufuta mji wa Saint-Pierre, watu karibu 28,000 wakafa, na jinsi maisha ya kisiwa yalivyohamia Fort-de-France. Riwaya nzima ni mama mmoja anayezungumza ili nyumba zisibomolewe. Mpangamiji, katika kitabu, wanamwita Kristo. Sijawahi kuona mtumishi wa ardhi akiitwa hivyo huku kwetu.

Angalieni jinsi Chamoiseau anavyoigawa historia. Hatumii magavana wala vita. Anatumia vifaa vya ujenzi. Kuna zama za nyasi, kuna zama za mbao za makasha, kuna zama za mabamba ya saruji na asbesto, kuna zama za zege, zinazoanza 1961. Ukitaka kujua mtu alikuwa nani mwaka fulani, tazama alichoezekea. Nadhani historia ya Dar es Salaam ingeandikika vizuri hivyo: makuti, madebe yaliyokunjuliwa, mabati, tofali za saruji. Yeyote aliyejenga chumba kimoja kimoja kwa miaka kumi na tano, mfuko wa saruji mwezi huu na nondo mwezi ujao, akiisoma Texaco ataona anasimuliwa yeye.

Halafu kuna neno ambalo wafasiri wa lugha nyingine wanahangaika nalo. Chamoiseau hauiti mji la ville. Anaandika l'En-ville, neno lililotoka kwenye Krioli, lugha ya watu wa kisiwa kile, kama vile kusema "ndani-ya-mji" likawa jina. Wafasiri wanatafuta mpaka jasho linawatoka. Sisi tunalo tangu zamani: mjini. Tunasema mjini shule, tunasema huyu wa mjini, tunasema mjini kuna mambo. Si manispaa hiyo, wala si ramani. Ni mahali unapoingia, unaponata, ambapo panakubadilisha. Kama kuna lugha iliyoumbwa kumfasiri Chamoiseau ni hii yetu. Vijana, hiyo kazi inawasubiri, na malipo yake hayapo, nawaambia mapema.

Nirudi kwenye tope. Katikati ya riwaya zinapita hati za yule mpangamiji, na mnaona akibadilika. Mwanzo anauona mtaa kama uchafu. Baadaye, kwa kumsikiliza mama, anaanza kuulinganisha na mikoko. Mji wa zege unaidharau mikoko, unaiona ni tope, mbu na harufu. Lakini bahari inategemea tope lile, maisha yanazaliwa pale. Kwa hiyo mtaa wa vibanda hauko kando ya mji kama jaa, uko chini yake kama mazalia. Ukiufyeka, mji unabaki na majengo tu.

Mfano huu haukutoka hewani. Alikuwepo mpangamiji wa kweli wa Martinique, Serge Letchimy, aliyefanya kazi juu ya mitaa ya vibanda ya Fort-de-France na kuandika kuhusu Texaco mwaka huohuo wa 1992, akitetea iboreshwe badala ya kuvunjwa. Mwaka 2001 ndiye aliyempokea Aimé Césaire umeya wa mji ule. Césaire, mshairi mkubwa, alikuwa meya tangu 1945, na ndani ya riwaya yumo, mama mwanzilishi anakwenda kumwomba msaada. Sijui nchi nyingine ambako mshairi, mpangamiji na mwandishi wa riwaya wamepishana kwenye korido moja ya halmashauri namna hiyo.

Na mikoko, sisi hatuhitaji kuelezwa. Mtu wa Rufiji anajua kwamba kamba na samaki wanakulia kwenye mizizi ile. Nyumba za kale za Lamu na Unguja vyumba vyake ni vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haikutosha zaidi ya hapo, na majahazi yalizibeba boriti hizohizo hadi Oman na nchi za Ghuba zikaezeke nyumba za huko. Mti wa topeni ndio uliopima upana wa sebule za matajiri. Chamoiseau angelipenda jambo hilo.

Nawaomba pia msiuone mtaa ule kama hadithi tamu. Askari wanakuja kitabuni, wanavunja vibanda, wakazi wanajenga tena usiku, askari wanarudi. Waliokaa mabondeni humu mjini wanaifahamu alama ya X iliyochorwa kwa rangi ukutani. Walikuwa na mafuriko ya kweli, hilo nakubali, mto haudanganyi. Lakini nani alikaa nao akanywa kahawa na kusikiliza walivyofika bondeni? Jiwe la Texaco ndilo lililomfanya mgeni akae kitako. Sipendekezi mtu arushe mawe.

Martinique ina tope jingine tena, baya zaidi. Kati ya 1972 na 1993 mashamba ya migomba ya Martinique na Guadeloupe yalitiwa dawa ya wadudu iitwayo klodekoni. Ufaransa ilikuwa imeipiga marufuku mwaka 1990, visiwa vikapewa ruhusa ya pekee kuendelea. Sumu ile haiozi upesi. Imo kwenye udongo, inashuka na mito hadi pwani, na sehemu za bahari uvuvi umezuiwa. Malcom Ferdinand, mtafiti aliyezaliwa Martinique, alitoa mwaka 2019 kitabu cha ikolojia inayojivua ukoloni. Anasema wanaolilia miti wamezoea kumsahau mtumwa, na wanaomlilia mtumwa wamezoea kusahau udongo, na shamba la miwa lilikuwa jambo moja lililowala wote wawili. Mimi nilipomsoma nilimkumbuka yule mwanamke mweusi wa shairi la Baudelaire.

Saa inakwenda na bado sijafika nyumbani. Congo. Kama mnataka kicheko, someni Congo Inc. ya In Koli Jean Bofane, ya mwaka 2014. Isookanga ni kijana wa msituni, wa jamii ya Ekonda, na watu wa mazingira wangependa aupende msitu. Yeye anauchukia! Amechoshwa na nyani na viwavi. Mnara wa simu unaposimikwa karibu na kijiji ndipo roho yake inatulia. Anaiba kompyuta ya mtafiti wa Kibelgiji, anacheza mchezo wa kugombania madini, kisha anakwenda Kinshasa kuwa mtu wa utandawazi. Analala na watoto wa mtaani Soko Kuu, anauza maji ya vifuko pamoja na Mchina mmoja aliyetelekezwa na bosi wake. Mtoto wa bonde la Congo, lenye maji mengi kuliko bonde lolote Afrika, anauza maji kwenye nailoni. Bofane haelezi zaidi ya hapo. Anaendelea na kichekesho kinachofuata.

Fiston Mwanza Mujila naye ni mtoto wa Lubumbashi, mji unaosema Kiswahili, ingawa Tram 83, ya mwaka 2014 pia, ameiandika kwa Kifaransa. Mji wake hauna jina, ila una kituo cha treni ambacho chuma chake hakijamaliziwa, una baa, na una wachimbaji. Kila mtu anachimba, hata wanafunzi. Aliyewahi kufika Lubumbashi akaona lile bomba la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba anajua udongo umewahi kugeuzwa juu chini mahali pale tangu mji uanzishwe mwaka 1910. Wabelgiji waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa Wazungu na ule wa Waafrika, kwa kisingizio cha afya. Msiwacheke. Nanyi mnapanda daladala kila siku kupita ukanda kama huo, Waingereza waliuacha kati ya Uhindini na Kariakoo. Mnauita Mnazi Mmoja. Yule mama wa Paris alikuwa anatafuta minazi mingi, lakini angalau huu mmoja tungeweza kumwonyesha.

Bujumbura nitaigusa kidogo tu, kwa Gaël Faye na Petit Pays, mwaka 2016. Watu wanaisoma kama riwaya ya vita, na ni kweli. Lakini nusu ya kwanza ni embe. Watoto wa mtaa mmoja usiopenya wanaiba embe kwenye bustani za majirani, wanakula hadi vidole vinanata, halafu siku moja wanamgongea mlango bibi mmoja wa Kigiriki na kumuuzia embe. Embe za mti wake mwenyewe. Ananunua! Hiyo ndiyo ikolojia ya mjini ninayoielewa mimi. Baadaye bibi huyohuyo anamwazima Gabriel, mtoto anayesimulia, vitabu, na vita vinapofika kwenye uchochoro ule, unajua hasa kitakachopotea kwa sababu umekila.

Nakomea hapo, koo limekauka. Maswali?

(Maswali yalikuwa mengi, mengine kuhusu mitihani. La mwisho liliulizwa na mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa ametulia muda wote mikono juu ya bakora yake. Alitaka kujua kama yule bata maji mwishowe alipata maji. Nikamwambia hapana, mzee wangu. Shairi linamwacha palepale, amenyoosha shingo juu, anaiuliza mbingu mvua itanyesha lini. Akatikisa kichwa. "Na kizimba walikifunga?" akauliza. Hilo halimo kwenye shairi, nikasema. "Basi wangemrudisha," akasema, "au wangemla.")